Pikipiki ya Kambo: Chuma cha Kilo ao Muzee wa Heshima?



Zunguka kidogo ndani ya lupango lenu, ao ndani ya lupango la jirani. Nyuma ya jikoni, karibu na pipa la maji, mara nyingi kuna kitu kilichofunikwa na kipande cha bashi. Kuku wanalala juu yake. Ukifunua utaona gidoni, tanki yenye kutu, kiti kilichopasuka. Ni pikipiki ya baba, ao ya kambo. Imelala pale tangu miaka kumi, watoto wanaipanda na kufanya «vrum, vrum» kwa midomo. Na kila juma mutu wa mitraye anapita na mizani yake, anauliza: «Mama, ile chuma, munaiuzisha?»

Ndani ya nyumba maneno yanaanza. Mama anaona sukari na chumvi. Kijana anaona pesa ya kuanza kazi ya taxi. Baba, kama angali muzima, ananyamaza. Ndiyo sababu mwezi huu nataka tuulizane pamoja: pikipiki ya zamani inakuwa kitu cha heshima wakati gani? Kwa maana si kila kitu kilichozeeka kina heshima, na si kila kitu chenye kutu ni cha kutupa. Watu wa inchi zingine wamefikiri sana juu ya jambo hili mpaka wakaweka sheria. Tuangalie kwanza wao wanasema nini, kisha turudi kwetu.

MUZEE WA UKOO

Wabelgiji wanapozungumza Kifaransa wako na neno moja ambalo litawashangaza. Gari ao pikipiki ya kale wanaiita «ancêtre», ni kusema muzee wa ukoo, yule aliyezaa jamaa. Ikipita miaka 25, mwenyewe anaweza kuomba plaki ya namna ya pekee inayoanza na herufi O. Uingereza kuna chama kikubwa cha wapenda pikipiki za zamani, Vintage Motor Cycle Club, kilichoanzishwa katika mwaka wa 1946, wakati vita vilikuwa vimekwisha tu. Wao pia wanahesabu miaka 25. Na kuna shirikisho la inchi nyingi linaloitwa FIVA, lililozaliwa katika mwaka wa 1966. FIVA inaomba zaidi: mashine ifikishe miaka 30, itunzwe katika hali inayofanana na ile ya historia yake, iwe sehemu ya urizi wa ufundi na wa maisha ya watu, na tena isiwe chombo cha safari za kila siku.

Hapo kwa sharti la mwisho mimi ninakwama. Huku kwetu, pikipiki isiyotembea kila siku ni kwa sababu imekufa, ao mwenyewe amekosa esansi. Ninaelewa sababu yao: kazi ya kila siku inakula mashine, leo pistoni, kesho sheni, mpaka mwisho hakuna kipande kilichobaki cha kwanza. Lakini sharti lile ni la mutu mwenye gari lingine kwenye baraza. Pikipiki iliyobeba muuguzi na sanduku lake la chanjo katika vijiji kwa miaka 30 bila kupumzika, nani atanihakikishia kwamba haistahili heshima kuliko ile iliyolala chini ya kitambaa cha hariri?

Basi tuchukue lile neno lao, muzee wa ukoo, kwa maana linatufaa kuliko hesabu ya miaka. Sisi tunajua kwamba si kila muzee aliyekufa anaitwa tena jina lake. Kuna aliyekufa na miaka 90, na hakuna mutoto hata mumoja aliyepewa jina lile. Na kuna mwingine, aliishi miaka kidogo tu, lakini leo ukipita katika nyumba za jamaa, kila pahali unasikia mama anaita mutoto kwa jina lake. (Sisemi hapa mambo ya mizimu, musinielewe vibaya. Ninasema juu ya jina na sifa.) Na mashine ni vilevile. Kuna pikipiki zilizopita kama upepo. Na kuna nyingine zimeacha watoto na wajukuu, na wewe unawapanda kila siku bila kujua kambo wao ni nani.

KAMBO WA PIKIPIKI ZA BARABARANI

Nitawapa mufano mumoja ambao muko nao mbele ya macho: Honda CG 125. Kila fundi wa moto hapa kwetu anajua hizi herufi mbili, CG. Lakini vijana wengi wanafikiri ni jina la pikipiki ya China. Hapana.

Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Honda ya Japani ilikuwa inauzisha pikipiki nzuri za cc 125, kama vile CB 125. Motere yake ilikuwa ya akili nyingi. Kile chuma chenye nundu kinachofungua supapi kilikaa juu kabisa, ndani ya kichwa cha motere, na sheni ndogo ya ndani ndiyo iliyokizungusha. Motere ya namna hii inakimbia sana, lakini inaomba mafuta safi yafike kule juu wakati wote, na ile sheni ndogo inaomba kurekebishwa. Japani hakuna shida: mutu anasoma kitabu cha pikipiki, siku ikifika anafanya vidanji.

Lakini mainjinia wa Honda waliangalia namna watu wa inchi za joto na za vumbi wanavyotumia pikipiki. Waliona watu watatu juu ya kiti kimoja, na mufuko wa unga juu. Waliona mafuta ya motere hayabadilishwi, yanaongezwa tu, mpaka yanakuwa meusi kama lami. Wangeweza kusema: hawa watu hawajui kutunza vitu. Wazungu wengi na matajiri wetu wengi wangesema vile. Wao walirudi mezani wakatengeneza motere mupya kwa ajili ya watu wale wenyewe, jinsi walivyo.

Kile chuma chenye nundu wakakishusha chini, karibu na mafuta, kikazungushwa na meno ya chuma. Toka pale fimbo mbili nyembamba zinapanda kusukuma supapi. Sheni ya ndani ikaondoka kabisa, na kitu kisichokuwako hakiwezi kuharibika. Mafuta wakayasafisha kwa wavu wa chuma na kwa kikombe kinachozunguka kwa nguvu mpaka uchafu unashikamana pembeni. Hakuna filtre ya karatasi ya kwenda kutafuta mjini. Sheni ya nyuma wakaifunga ndani ya sanduku la chuma, vumbi lisiingie. Motere yote inakunywa mafuta kama lita moja hivi. Haikimbii sana, ni kweli. Lakini inapanda, inabeba, inarudi.

Brazili, Honda ilifungua kiwanda chake cha pikipiki katika mwaka wa 1976, katika mji wa Manaus ndani ya msitu wa Amazon, na pikipiki ya kwanza kutoka pale ilikuwa ni hii CG 125. Pelé mwenyewe, yule mfalme wa mpira, ndiye aliyeitangaza. Pakistani wameitengeneza kwa zaidi ya miaka 30. Na China, viwanda vingi viliichukua motere hii, vikaitengeneza kwa bei nafuu na kuipa majina mengi, mengine hata hatuwezi kuyasoma.

Sasa chukua kitambaa, enda upanguse motere ya moto ya taxi ya kaka yako. Mara nyingi utaona maandishi kama haya: 156FMI. Si maneno ya siri. Ile 1 ni silinda moja. 56 ni upana wa silinda kwa milimita, kwa maana CG ya kwanza ilikuwa na milimita 56,5. Na ile I ya mwisho ni alama ya cc 125. Ukiona 162FMJ, ni ya cc 150, silinda imepanuliwa. Kisha umuulize fundi kama motere ile ni ya fimbo. Kama ni ya fimbo, umekutana na mujukuu. Kijana anayebeba mchimbaji na mifuko yake kwenda kwenye carrière asubuhi, na mama mwenye mimba kwenda hospitali usiku, anabebwa na wazo la watu waliokubali kuheshimu maisha yetu ya vumbi, miaka zaidi ya 40 iliyopita.

Pikipiki za India ziko na ukoo mwingine. Bajaj ilifanya kazi pamoja na Kawasaki, na TVS ilikuwa pamoja na Suzuki mpaka walipoachana katika mwaka wa 2001. Siwezi kuingia humo leo, karatasi haitoshi.

Lakini siwezi kuacha ile ndogo ya 1958, Honda Super Cub. Wanasema bwana Fujisawa, aliyeshika biashara ya Honda, alitaka pikipiki ambayo kijana wa kupeleka chakula anaweza kuiendesha kwa mukono mumoja, mwingine ukishika sinia. Ndiyo sababu haina embrayage ya mukono. Katika mwaka wa 2017 hesabu yake ilifika milioni 100. Hakuna gari wala pikipiki nyingine duniani iliyofika pale. Na iko na sura ya unyenyekevu kabisa, kama ya mama anayekwenda sokoni.

WENGINE HAWAKUACHA WATOTO

Je, mashine isiyoacha wajukuu haina heshima? Hapana, kuna njia ya pili. Karibu na mji wa Liège, pahali panapoitwa Herstal, kulikuwa viwanda vitatu vya pikipiki: FN, Saroléa na Gillet. Wabelgiji waliviita «mabinti wa Herstal». FN munaijua kwa bunduki, kwa bahati mbaya inchi yetu inaijua sana. Lakini katika mwaka wa 1905 FN ilitoa pikipiki ya silinda nne, tena bila sheni: fimbo ya chuma ndiyo ilipeleka nguvu kwa gurudumu la nyuma. Kwa wakati ule ilikuwa ajabu. Enzi ya Wabelgiji, mashine za namna hii zilikuwa za bwana mkubwa na za misioni; kambo zetu wengi waliishia kwenye kinga, na kinga yenyewe ilikuwa mali ya kuonyesha kwa jamaa ya bibi-arusi. Kabla ya mwaka wa 1970 mabinti wote watatu wa Herstal walikuwa wameacha kutengeneza pikipiki. Leo mutu mwenye FN ya silinda nne anaitunza kama yai, kwa maana hakuna nyingine itakayotoka kiwandani.

Kinachoipa heshima hii ya pili ni mwili wake mwenyewe: tanki yake, motere yake, namba zake, hata rangi yake ya kwanza. Hapa ninawakumbusha mufano wa Bwana Yesu katika Marko sura ya 2, juu ya kiraka kipya kilichoshonwa kwa nguo ya zamani. Mama yeyote anayeshona anajua kinachofuata. Tunaona kila siku pikipiki yenye tanki ya hii, kiti cha ile, motere ya ya tatu, taa ya kinga. Ile si pikipiki tena, ni mkutano. Sisemi ni dhambi. Kama inaleta unga nyumbani, Mungu aibariki. Lakini usiiite ya kale ya heshima, kwa maana hakuna mutu anayeweza kusema ni pikipiki gani.

Kuna jambo lingine ambalo hilo ninaliita dhambi bila kuogopa. Mutu anachukua pikipiki ya China, anabandika mabawa ya Honda kwenye tanki, anaiuzisha kwa ndugu yake kama ya Japani. Mezali sura ya 11 inaanza na mizani ya udanganyifu, na kubandika jina la uongo ni mizani ileile. Ukitaka kununua, acha sura ya tanki. Angalia namba iliyopigwa ndani ya chuma cha shingo, pale gidoni inapozungukia, kisha namba iliyo kwenye motere, uzilinganishe na carte rose. Namba iliyosuguliwa na lima inaongea pia.

Katika mwaka wa 2023, huko Las Vegas katika Marekani, Harley-Davidson ya mwaka wa 1908 iliuzishwa kwa mnada dola 935.000. Musomaji, umesoma vizuri. Ni aina ambayo zimebaki chache sana duniani, na sababu moja kubwa ya bei ile ni kwamba vipande vyake vingi vilikuwa vile vya kiwandani. Lakini tafadhali, usiote. Wale wanunuzi hawatakuja kwenye lupango lako. Honda ao Yamaha ya baba haitakufanya tajiri, na yeyote anayekuambia umupe pesa kidogo ya kwanza ili akutafutie muzungu wa kuinunua, mufunge mlango.

NENO LA KILO

Mama mujane mumoja katika parokia yetu aliniita mwaka uliopita kwa shauri la namna hii. Bwana wake alikuwa mufanyakazi wa Gécamines. Wengi wenu mumeishi jambo lile: katika miaka ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliachia kazi kwa Départ Volontaire, na kila mutu akarudi nyumbani na pesa yake ya mwisho. Wengine walinunua mashini ya kusaga, wengine mashamba, wengine pesa ilikwisha kabla ya mvua kunyesha. Yeye alinunua pikipiki, CG 125 iliyotumika. Kwa ile pikipiki alibeba makala, alibeba mahindi, alibeba watoto kwenda masomoni. Halafu motere ikashikamana, na baada ya miaka michache yeye mwenyewe akafariki.

Kifungua mimba alitaka iuzishwe kwa kilo. Alikuwa na sababu, na si ya kuchekwa: minervali ya mudogo wake wa mwisho. Mwana wa pili alitaka kutoa motere ile na kuweka ya China, aanze taxi. Mama alikuwa katikati, na kila mutu wa mitraye aliyepita alimuumiza roho, kwa maana walikuwa wanapima bwana wake.

Tulimwita fundi mumoja, muzee, mutu asiyesema sana. Alipangusa, akaangalia. Umeme wake ni wa volti 6, akasema, basi ni ya zile za kwanza kwanza. Namba za shasi na za motere zilikuwa sawasawa na karatasi, ambayo mama aliiweka ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Tanki ni yake, sanduku la sheni ni lake. Kisha akauliza kitu ambacho mimi sikufikiria: «Ni nani anakumbuka alipoinunua?» Watoto wakaangaliana. Hakuna aliyejua. Mama peke yake ndiye alijua, na akaanza kusimulia: duka, bei, siku ile bwana alivyoisukuma barabara yote kwa sababu hakuwa na esansi, akaogopa kuomba kwa watu wasije wakajua kwamba ana pesa nyumbani. Wale vijana wawili walikuwa hawajasikia habari ile hata siku moja.

Nilisema nao hivi. Kwa mizani, pikipiki hii ni kama kilo mia moja za chuma. Mufanye hesabu leo kwa bei ya kilo, muone ni miezi mingapi ya masomo inatoka. Wakafanya hesabu. Haikufika hata trimestre moja. Basi minervali ikatafutwa pahali pengine, mjomba akasaidia na mahindi yakauzishwa. Kama hesabu ingetosha mwaka mzima, ningewaambia wauzishe, kwa maana mutoto akiwa masomoni ni urizi kuliko chuma, na marehemu mwenyewe aliinunua kwa ajili yao. Juu ya motere ya China nilimwomba mwana wa pili angojee. Mutu akikata shasi ya baba, hakuna kurudi nyuma. Akingojea, anaweza kuikata hata mwaka kesho. Sasa anakwenda kwa yule fundi muzee siku ya pili na siku ya tano, kujifunza kuifungua. Sijui kama itawaka. Fundi naye hajui.

Ninawaomba jambo dogo, gharama yake ni Bic moja na daftari. Wakati muzee angali anaongea, andikeni: alinunua wapi, mwaka gani, kwa pesa gani, alimubeba nani, ilianguka wapi. Wale wa Ulaya wanalipa pesa nyingi kwa karatasi za namna hii, kwa maana mashine bila habari yake ni yatima. Na carte rose isiachwe kwa mutoto mumoja kwa siri. Jamaa ngapi tumeona zikigawanyika kwa karatasi moja.

KABLA YA KUIPANDA

Heshima haizuie ajali. Pikipiki iliyolala miaka mingi inaweza kuwaka asubuhi na kuua mutu mchana. Pine inazeeka hata bila kutembea. Angalia pembeni ya pine, utapata herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: kama ni 2318, maana yake juma la 23 la mwaka wa 2018. Kama tarakimu ni tatu tu, pine ile ilitengenezwa kabla ya mwaka wa 2000. Ifanye kiti cha kuku. Pine yenye nyufa, hata kama mistari yake ingali mirefu, usiende nayo kwenye barabara ya malori ya madini.

Na freni. Hapa nawaomba wazazi musome mara mbili. Viatu vya freni vya zamani, vingi vilitengenezwa na amiante. Vumbi lake likiingia katika mapafu linakaa, na ugonjwa unaweza kuja miaka 20 ao 30 nyuma. Sisi watu wa mgodi tunajua vumbi linavyofanya kazi kimya. Kwa hiyo, fundi akifungua gurudumu, asipulize kwa kinywa wala kwa komprezeri, kama wanavyopenda kufanya. Amwage maji kwanza, apanguse na kitambaa chenye maji, na kitambaa kile kifungwe ndani ya sashe na kutupwa. Watoto wakae mbali. Viatu vya freni vipya vya CG si vigumu kupata sokoni. Hapo hakuna haja ya kutafuta vya asili.

Na kama motere imeshikamana, kijana, usiipige kiki kwa hasira. Utavunja pistoni, kisha utasema ni uchawi. Toa esansi yote ya zamani, inanuka kama rangi na haifai tena. Ondoa buji. Mimina vijiko viwili vya mafuta ya motere ndani ya tundu lake, funika na kitambaa safi, uache siku tatu, hata juma. Kisha weka vitesi vya juu kabisa, simama pembeni, shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, ulisukume mbele na nyuma, pole, pole. Likikataa, ongeza mafuta na ungojee tena. Likisogea hata upana wa kidole, acha hapo kwa leo, rudisha buji, funika na bashi, na umwite fundi.